Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu miradi yangu ya pembeni: programu, chipu na waya

Haya ni maswali yanayonijia tena na tena kila nikionyesha bodi yenye waya zilizosukana. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu. Mengine hayahitaji zaidi ya mstari mmoja au miwili.

Unaandika programu kazini kutwa nzima, jioni tena uko kwenye kompyuta. Huchoki?

Nachoka na kazi, sichoki na kompyuta. Kazini nagusa tabaka la juu tu. Chini yake kuna maktaba zilizoandikwa na watu nisiowajua, chini ya hizo kuna mfumo endeshi wenye mamilioni ya mistari, na chini zaidi prosesa yenye mabilioni ya transista. Kitu kikiharibika huko chini, mara nyingi sina la kufanya ila kuzima na kuwasha au kusubiri toleo jipya. Jioni nataka kinyume chake: mashine ndogo ninayoweza kuifuata kuanzia pini ya umeme hadi nukta inayowaka kwenye skrini, bila kufika mahali pa kusema "hapa tuamini tu". Hicho ndicho kigezo changu cha kuchagua mradi. Ule ambao mtu mmoja hawezi kuuelewa hadi chini, namwachia mwajiri.

Kwa sasa unatengeneza nini?

Mezani ipo mitatu: emuleta (programu inayoigiza mashine nyingine) ya CHIP-8 inayokaa ndani ya Raspberry Pi Pico, bodi ndogo ya kupangia vifaa, kompyuta ya prosesa ya 6502 iliyotandazwa juu ya bredibodi (ubao wa matundu wa kuchomeka waya bila kulehemu), na kipima joto kinachotumia betri ambacho kingekwisha zamani kama nisingekuwa nabadilisha nia kila nikikiangalia. Kabatini kuna sanduku la mingine. Tuliache lilivyo.

CHIP-8 ni nini, na kwa nini kila mtu anaanza nayo?

Ni lugha ya mashine ya kubuni. Joseph Weisbecker aliiunda miaka ya 1970 ili watu waweze kuandika michezo kwenye kompyuta ndogo ya COSMAC VIP bila kuteseka. Hakuna chipu halisi yenye jina hilo, yapo maelezo tu, na maelezo yenyewe ni mafupi: kumbukumbu ya baiti 4,096, programu inaanzia anwani ya 512, rejista 16 za biti 8 (vijisanduku vya namba ndani ya prosesa), skrini ya nukta 64 kwa 32, vitufe 16 na amri 35. Ndiyo, 35 basi. Anayeijua vizuri lugha yoyote ya programu anaweza kuipata ikitembea ndani ya wikendi moja. Na kwenye kile kioo kidogo cha OLED cha nukta 128 kwa 64, kila nukta ya CHIP-8 inakuwa mraba wa nukta mbili kwa mbili, kioo kinajaa sawasawa bila kubaki ukingo.

Kinachonifurahisha zaidi ni uchoraji wake. Tarakimu ya sifuri inahifadhiwa kama baiti tano, hapa kwa namba za msingi wa 16: F0, 90, 90, 90, F0. Ziandike kwa biti, moja chini ya nyingine, kisha fuata zile moja kwa macho:

11110000
10010000
10010000
10010000
11110000

Sifuri hiyo hapo. Hakuna faili la picha wala fonti, baiti zenyewe ndizo picha. Halafu amri ya kuchora haipaki rangi juu ya kilichopo, inageuza: nukta iliyozimika inawaka, iliyowaka inazimika. Kwa hiyo ukichora kitu kilekile mara mbili mahali palepale umekifuta. Na mchoro ukizima hata nukta moja iliyokuwa inawaka, rejista ya mwisho, VF, inapewa 1, hivyo mchezo unajua kwamba kombora limegonga. Amri moja inachora, inafuta na inagundua mgongano. Nimesoma msimbo mwingi wa kulipwa usiofikia ubunifu huo.

Tahadhari moja kwa wanaoanza. Amri za kusogeza biti, yaani 8XY6 na 8XYE, zina tafsiri mbili. VX na VY ni rejista mbili zinazotajwa ndani ya amri. Kwenye COSMAC VIP thamani ilichukuliwa kutoka VY, ikasogezwa, jibu likawekwa VX. Matoleo yaliyokuja baadaye kwa ajili ya vikokotoo vya HP-48 yalimpuuza VY na kusogeza VX papo hapo. Mchezo ulioandikwa kwa tafsiri hii hugoma kwenye ile. Ukiona mchezo mmoja unakwenda vizuri na mwingine unamwaga takataka kwenye skrini, kagua hapo kwanza kabla hujauvuruga msimbo wote.

Nikimaliza CHIP-8 niende wapi?

Wengi huenda kwenye Game Boy, mashine ya michezo ya mkononi ya 1989. Skrini ni nukta 160 kwa 144 na prosesa inakwenda karibu megahezi 4.19. Jiandae kisaikolojia, kwa sababu hapo si suala la amri kufanya jambo sahihi tu, bali kulifanya kwa wakati sahihi. Michezo mingi hubadilisha picha katikati ya kuchorwa kwa skrini, na emuleta isiyohesabu mapigo ya saa itaonyesha picha zilizokatika.

Kwa nini kompyuta ya 6502? Si chipu ya mwaka 1975?

Ndiyo, na umri huo ndio sifa yake. Ilipotoka iliuzwa dola 25, wakati wapinzani wake walikuwa wakidai mamia. Yenyewe na ndugu zake wakaingia kwenye kompyuta za Apple II na Commodore 64, na mashine ya michezo ya NES. Lakini mimi siifuati kwa ajili ya historia. Toleo lake la leo, W65C02S, bado linatoka kiwandani jipya, na lina tabia ambayo ile ya zamani haikuwa nayo: unaweza kusimamisha saa yake kabisa, ukaenda kunywa chai, ukirudi ukaipa pigo moja ikaendelea pale pale ilipoishia.

Kuna jaribio ambalo namshauri kila mtu alifanye kabla ya kununua chipu ya kumbukumbu. Chukua pini nane za data, kila moja uipeleke kwenye umeme au kwenye ethi (upande wa volti sifuri) kupitia rezista (kipande kinachozuia mkondo), ili kwa pamoja zisomeke 11101010, yaani EA. Kwa 6502, EA ni amri ya "usifanye kitu, endelea". Weka taa za LED, kila moja na rezista yake, kwenye pini za anwani, na kitufe kwenye pini ya saa. Pini za udhibiti za RDY, IRQB, NMIB na BE zivutwe juu, yaani kwenye umeme, maana pini ya kuingizia iliyoachwa ikining'inia hewani husoma chochote inachojisikia.

Sasa ianzishe upya (reset), kisha bonyeza kitufe cha saa polepole. Baada ya mapigo machache chipu inauliza anwani FFFC, halafu FFFD, kwa sababu hapo ndipo inapotarajia kuelekezwa pa kuanzia. Kote inajibiwa EA. Basi inaruka hadi EAEA, na kuanzia hapo taa zinahesabu: EAEA, EAEB, EAEC, hatua moja kwa kila mapigo mawili. Hakuna kumbukumbu, hakuna mfumo endeshi, hakuna hata programu. Ipo prosesa inayotembea mbele kwa sababu hakuna aliyeiambia isimame. Vitabu vyote nilivyosoma chuoni kuhusu kielekezi cha programu (rejista inayoshika anwani ya amri inayofuata) havikunieleza kama taa zile.

Naanza sasa hivi. Ninunue bodi gani?

Pico. Ilitoka 2021, ina viini viwili, kumbukumbu ya kilobaiti 264, na MicroPython (lugha ya Python kwa chipu ndogo) unaiweka kwa kuburuta faili moja tu, kana kwamba unanakili nyimbo kwenye flashi. Arduino Uno, bodi nyingine ndogo, bado ni mwalimu mzuri, tena mvumilivu wa makosa ya waya, lakini kumbukumbu yake ya kilobaiti 2 utaimaliza mapema, hasa ukipenda kuchapisha sentensi ndefu za kufuatilia hitilafu. Bodi ya ESP32 ichukue kama unahitaji Wi-Fi. Ama Raspberry Pi kamili, hiyo ni kompyuta ya Linux, na kuitumia kuwasha taa moja ni kujitafutia kazi ya kusasisha mfumo endeshi kwa sababu ya taa.

Jambo la kukariri: Uno (ile inayojulikana zaidi, ya ATmega328P) inazungumza kwa volti 5, Pico na ESP32 kwa 3.3. Usiunganishe pini ya 5 moja kwa moja kwenye pini ya 3.3. Inaweza kukubali leo, ikafa wiki ijayo, nawe ukaulaumu msimbo.

Je, lazima nijue hisabati na umeme?

Kuzidisha na kugawanya kunatosha kwa muda mrefu. Mfano: taa nyekundu ya LED inachukua kama volti 2, bodi inatoa 5. Zinabaki 3, nazo lazima zibebwe na rezista. Unataka mkondo wa miliampea 15, basi 3 gawanya kwa 0.015 ni omu 200. Kwenye pakiti nyingi iliyo karibu ni 220, unaichukua hiyo na maisha yanaendelea.

Vifaa gani ninunue kwanza?

Mita. Kabla ya pasi ya kulehemu, kabla ya sensa za kila rangi, mita. Isiwe ya bei mbaya, ilimradi ina mlio wa kupima kama waya umeshikana.

Pasi ya kulehemu iwe ya kurekebisha joto. Waya wa bati na risasi wa 63 kwa 37 unayeyuka nyuzi 183, ule usio na risasi karibu 217 hadi 220, ndiyo maana wa kwanza ni rahisi kwa mkono unaojifunza. Pasha moto pini na pedi kwa pamoja, kisha leta waya kwenye kiungo, usiuyeyushe kwenye ncha ya pasi halafu ukaupaka. Nawa mikono ukimaliza, na usiuvute ule moshi.

Baadaye tafuta kichanganuzi cha mantiki, kile kidogo cha USB chenye njia nane. Kwa mtu wa programu ndicho kifaa kinachobadilisha mchezo, maana kinakuonyesha biti zikipita kwenye waya kama vile unavyosoma logi, yaani kumbukumbu za matukio ya programu.

Nimefuata maelekezo yote na bodi haifanyi kazi. Tatizo ni nini?

Hili ndilo swali linaloongoza, na mara nyingi linakuja bila picha wala kipimo. Nitakupa mpangilio ninaoufuata mwenyewe.

Kwanza waya wa USB. Waya zingine ni za kuchaji tu, ndani hazina nyuzi za data. Taa ya bodi itawaka vizuri na kompyuta haitaiona kamwe. Badilisha waya kabla ya kufunga tena dereva zote (programu za kuendeshea vifaa).

Pili umeme. Pima volti kwenye pini za chipu yenyewe, si kwenye chaja. Bredibodi ndefu nyingi zina reli (mistari ya umeme ya pembeni) zilizokatika katikati, hivyo nusu ya mradi wako inaweza kuwa haina umeme na usijue.

Tatu ethi. Vifaa viwili vinavyozungumza lazima viwe na ethi moja. Volti ni tofauti kati ya pointi mbili. Bila ethi ya pamoja, "volti 3" ya kifaa hiki haina maana kwa kile.

Nne, mawasiliano yenyewe. Kama ni UART (waya mmoja wa kutuma, TX, na mmoja wa kupokea, RX), TX ya huyu inakwenda RX ya yule, si TX kwa TX, na kasi ziwe sawa pande zote. Herufi za ajabu zikimwagika, mara nyingi upande mmoja uko kwenye kasi ya biti 9600 kwa sekunde na mwingine 115200. Kama ni I2C (waya mbili zinazoshirikiwa na vifaa kadhaa), kumbuka kwamba kifaa chochote kwenye waya zile mbili kinaweza tu kuvuta chini, hakuna anayesukuma juu. Kazi ya kupandisha ni ya rezista, kwa kawaida omu 4,700 hivi. Bodi nyingi za sensa huja nazo, chipu tupu haina. Endesha programu ya kutafuta anwani, na kama haioni kitu kabisa, usiguse maktaba ya sensa, rudi kwenye waya.

Tano, kama inafanya kazi lakini inajiwasha upya ovyo, hasa mota inapoanza, weka kapasita ya nanofaradi 100 karibu kabisa na pini za umeme za kila chipu, na mota ipewe umeme wake. Watu wa programu hili tunalidharau kwa sababu kwenye mchoro kapasita ile haionekani kufanya lolote. Kazi yake ni kutoa mkondo kwa kile kipande cha sekunde ambacho waya mrefu hauwahi.

Ukimaliza hayo yote, ndipo ufungue msimbo.

Nimebonyeza kitufe mara moja, programu imehesabu mara nne. Kwa nini?

Kwa sababu kitufe ni vipande viwili vya chuma, na chuma hudunda. Kwa milisekunde chache kinagusa na kuachia mara kadhaa kabla ya kutulia, na prosesa yako ina kasi ya kutosha kuona kila mdundo. Ukiona badiliko la kwanza, puuza mengine kwa milisekunde 20 hivi.

Kifaa changu kilikwenda vizuri karibu wiki saba, kisha kikaganda. Ni joto?

Hapana, ni hesabu. Kwenye Arduino, millis() inarudisha milisekunde tangu bodi iwashwe, kwa namba ya biti 32. Namba hiyo inajaa baada ya siku 49 na saa 17 hivi, kisha inarudi sifuri. Msimbo unaosema "subiri hadi saa ifike mwanzo + muda" unaweza kukwama au kufyatuka ovyo hapo. Andika hivi:

if (millis() - mwanzo >= muda)

Mwanzo na muda viwe unsigned long, yaani namba zisizo na alama ya hasi. Kutoa kwa namba zisizo na alama kunavuka ile sifuri salama, bila sharti lolote la ziada. Nalipenda kosa hili, kusema kweli, kwa vile hakuna jaribio la nusu saa mezani litakaloligundua.

Kipima joto chako kinadumu vipi kwa betri?

Kwa kulala. ESP32 ikiwa na Wi-Fi hewani inaweza kula zaidi ya miliampea 100. Ikiwa kwenye usingizi mzito, chipu yenyewe inakula kama maikroampea 10. Shida ni bodi inayoizunguka: ile taa nyekundu isiyozimika, chipu ya USB, na kirekebisha volti kilichochaguliwa kwa bei. Hivyo vinaweza kufikisha miliampea 10 huku wewe unaamini kila kitu kimelala. Betri ya miliampea-saa 2,000 ukiigawa kwa 10 unapata saa 200, siku nane na kidogo. Ndiyo maana kwanza nilifumua taa, kisha nikabadili bodi. Kila baada ya dakika kumi inaamka, inapima, inahifadhi, na inawasha Wi-Fi mara moja tu kwa saa.

Lugha gani ni bora?

C kwa chipu ndogo, MicroPython kwa kujaribu wazo jioni moja, asembli (amri za prosesa zenyewe kwa maneno mafupi) kwa 6502 kwa sababu ni raha. Lugha ya Rust naifuata kwa heshima na polepole. Ubishi wa lugha siuendelezi.

Kuna hatari gani?

Volti 5 hazitakudhuru. Umeme wa ukutani utakuua, na hapo sitanii hata kidogo. Ukihitaji kuwasha kifaa cha nyumbani, nunua swichi iliyokwisha fungwa na kupitishwa kwa usalama, usitengeneze yako juu ya bredibodi. Oveni ya maikrowevu usiifungue kabisa: kapasita yake hufika maelfu ya volti na hubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa. Televisheni za bomba la kioo, vivyo hivyo.

Betri za lithiamu zina sheria zake. Seli ya kawaida hujaa kwenye volti 4.2, na ikizidishwa hapo inaweza kushika moto. Tumia chipu ya kuchajia iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, seli yenye kinga, na iliyovimba usiitoboe wala usiichaji tena.

Nina laptopu ya zamani inayokokota. Inafaa kufufuliwa?

Mara nyingi, ndiyo. Kama bado ina diski ya kuzunguka, weka SSD (diski isiyo na sehemu inayozunguka), na hilo pekee litakushangaza. Badilisha pesti ya joto iliyokauka, toa vumbi kwenye feni. Kama saa inarudi nyuma kila ukizima, ni ile betri ya sarafu ya CR2032 kwenye bodi mama, ya volti 3. Kisha weka Linux nyepesi. Kama kapasita za bodi zimevimba vichwa, hiyo ni kazi ya pasi, na hapo uamuzi unategemea kama unaipenda mashine au unaihitaji kesho asubuhi.

Unatumia akili bandia kuandika msimbo wa miradi hii?

Kwa maswali ya sintaksia, ndiyo. Kwa namba za pini na anwani za rejista, hapana. Inajibu kwa uhakika uleule ikiwa sahihi na ikiwa imekosea, na pini iliyokosewa haileti ujumbe wa hitilafu, inaleta harufu. Nafungua datashiti, ile nyaraka ya mtengenezaji wa chipu.

Miradi mingapi unaimaliza?

Michache, na sioni aibu. Kazini mradi usiokwisha ni tatizo la watu wengine pia, huku ni wangu peke yangu. Ninachojilazimisha ni kuandika karatasi moja kabla ya kuuweka kabatini: pini gani imeunganishwa na nini, kilichofanya kazi, na kilichonikwamisha. Nikiurudia, karatasi hiyo ndiyo inayoamua kama nitaendelea au nitafumua sehemu nizitumie kwingine. Linus Torvalds alipotangaza mfumo wake endeshi, Linux, mwaka 1991 alisema ni wa kujifurahisha tu, lakini usianze wako ukiwa na hilo kichwani.

Naweza kukulipa unitengenezee kifaa cha kuuza?

Hapana. Kinachofanya kazi mezani kwangu hakijapimwa kwa mvua, kwa mtoto anayekivuta waya, wala kwa sheria za mawasiliano ya redio. Hiyo ni taaluma nyingine na ina watu wake. Naweza kukuonyesha mchoro na msimbo, ukaanzia hapo.

Na printa, unarekebisha?

Sirekebishi printa za mtu yeyote, hata za ndugu.